SIMU YA UPEPO YENYE NGUVU KIDOGO

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na walimu, Bariadi)

Nimetakiwa kueleza habari za wapenzi wa redio, yaani watu wazungumzao kwa simu ya upepo pasipo kutafuta faida. Hasa nataka kuwataja wale watumiao nguvu ndogo: wati 5 tu kwa alama za Morse, au wati 10 kwa maneno ya kinywa. Taa ya zamani ya nyumbani ilikula wati 60. Basi pimeni wenyewe udogo wa nguvu hiyo.

Njia wanayoipenda sana ni ile ya mawimbi ya meta 20, ianzayo kilohezi 14,000 hata 14,350. Ni ujia mwembamba, na dunia nzima hupita humo. Nyote mmeona ngoma za Wagika na Wagalu. Ngoma zikivuma pande zote mbili, mtu mwenye sauti ndogo atamwamkiaje rafiki yake? Akipiga kelele, atapoteza pumzi bure. Akingoja ngoma zitulie kidogo, kisha akatamka neno moja, atasikiwa.

Huenda mtu akauliza, Je, wati 5 zaweza kufika Ulaya kutoka Usukuma? Zaweza. Juu sana angani mna tabaka za hewa zitiwazo umeme na jua, nazo huyarudisha mawimbi chini, mbali na yalikotoka. Tena, wati 100 ni mara 20 ya wati 5, lakini katika kipimo cha ngazi 9 watumiacho wasikilizaji, tofauti yake ni ngazi mbili na kidogo tu. Asikiwaye ngazi ya 7 kwa wati 100, atasikiwa karibu na ngazi ya 5 kwa wati 5.

Ushahidi u karibu. Viko vituo 18 duniani vilivyopangwa kupeleka alama kwa zamu katika kilohezi 14,100, na kimoja ni cha Kenya, jina lake 5Z4B. Kila kituo hupewa sekunde 10 katika kila dakika 3. Hutaja jina lake, kisha hupiga mistari minne: wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, na wa mwisho sehemu ya kumi ya wati. Msikilizaji huhesabu mistari aliyoisikia, akajua njia ilivyo siku ile.

Sasa adabu zake. Kwanza, sikiliza sana kabla ya kusema. Pili, uliza kama njia ina mtu. Tatu, mwenye nguvu kidogo na amjibu aitaye, kuliko kuita yeye mwenyewe katikati ya msongamano. Nne, asiwakatize wawili wazungumzao, bali angoje waagane. Tano, maneno yawe machache: jina, mahali, na jinsi mwenzake anavyosikika. Na mwenye nguvu nyingi naye ana wajibu: akisikia sauti hafifu, hana budi kunyamaza na kuwaomba wengine wampishe.

Msidhani kuwa huu ni mchezo mtupu. Desemba 2004 bahari ilipofurika katika visiwa vya Andaman, wapenzi wa redio wa India waliokuwapo Port Blair walipeleka habari za watu waliookoka kwa jamaa zao. Siku kama hiyo huenda umeme usiwepo, na betri ndogo ikawa ndiyo msaada wa pekee. Aliyezoea kumpisha mnyonge siku za raha, atajua kumsikia siku ya msiba.

Mwisho, mambo mawili. Sharti kwanza upate leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ndipo upewe jina la kuitia. Majina ya nchi yetu huanza na 5H, kama yale ya Tanganyika ya zamani yalivyoanza na VQ3. Tena, waya ulioinuliwa juu huita radi: uutenge na chombo kabla mvua haijafika.

Enyi walimu, wafundisheni vijana kusikiliza kwanza. Mdomo kila mtu anao. Sikio lenye subira ni adimu.