Tusome Namba ya Plagi Kabla ya Kusoma Jina Lake

Haya ni maneno yaliyosemwa na mwanachama mwenzetu katika mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya ndugu waliokuwa zamu siku ile.



Nimeombwa niseme juu ya plagi za injini ndogo ndogo. Maana yangu ni misumeno ya injini ambayo magenge ya reli hukatia miti iliyoegemea njia, na pampu za maji, na jenereta, na mashine za kukata nyasi. Injini ya gari moshi la dizeli haina plagi, kwa sababu dizeli huwaka kwa hewa iliyoshindiliwa mpaka ikawa moto. Lakini injini ya petroli, hata ikiwa ndogo ya kubebwa mkononi, huishi kwa cheche ya plagi.

Huenda mtu akauliza, jambo hili ni la fundi, laingiaje katika mkutano wa chama? Laingia hivi. Mfanya kazi apewa msumeno asubuhi. Stoo imenunua plagi ya bei nafuu ambayo si ya injini ile. Baada ya siku chache pistoni yaungua na mashine yafa. Nyapara aandika katika ripoti yake kwamba mashine imeharibiwa na aliyeitumia. Mwisho wa mwezi mshahara umepungua. Mtu asiyejua plagi atajiteteaje? Atasema, "Mimi sikufanya kitu," na maneno hayo ni mepesi mbele ya karatasi ya nyapara. Lakini mtu anayeweza kutoa plagi mfukoni na kusema, "Kitabu cha mashine chataka namba hii, nami nilipewa hii," huyo atasikilizwa.

Swali ambalo kila mtu huniuliza ni hili: kampuni gani ni bora, NGK au Champion, Bosch au Denso? Jibu langu ni kwamba wote hao wajua kazi yao. Bosch ya Ujerumani ilitoa plagi pamoja na magneto ya umeme wa nguvu nyingi mwaka 1902, kazi ya injinia wao Gottlob Honold. NGK ilianzishwa Nagoya, Japani, mwaka 1936. Injini haijui kusoma jina. Injini yajua mambo manne tu, na mambo hayo yamefichwa ndani ya namba.

Jambo la kwanza ni unene wa nyuzi. Kwa plagi nyingi za NGK, herufi ya kwanza ndiyo hueleza: B ni milimita 14, D ni milimita 12, C ni milimita 10. Hapa ni vigumu kukosea, kwa maana plagi nene haiingii katika tundu jembamba.

Jambo la pili ni urefu wa nyuzi, na hapa ndipo watu huangamiza mashine. Misumeno mingi ya Stihl na Husqvarna hutumia NGK BPMR7A, ambayo ni fupi, nyuzi zake ni milimita 9.5. Injini ya Honda GX160, iliyo katika pampu nyingi za maji, hutumia BPR6ES, ambayo nyuzi zake ni milimita 19. Zote mbili ni nene milimita 14. Kwa hiyo ile ndefu huingia katika msumeno bila shida, kisha ncha yake yaweza kukutana na pistoni. Na ile fupi ikitiwa katika pampu, cheche hutokea ndani ya tundu badala ya ndani ya silinda, na masizi hujaa katika nyuzi zilizobaki wazi. Basi kabla ya kufunga plagi mpya, iweke kando ya ile ya zamani, uzipime kwa jicho. Kazi hiyo ni ya nusu dakika.

Jambo la tatu ni joto. Wengi hudhani plagi "ya moto" hutoa cheche kali zaidi. Sivyo. Plagi ya moto ni ile inayokaa na joto lake, na plagi ya baridi ni ile inayolitoa upesi kwenda kwenye kichwa cha silinda. Ncha ya plagi yataka ifike joto la digrii 450 au 500 za sentigredi, ili masizi yaungue yenyewe. Lakini ikipita digrii 800 na kitu, yaweza kuwasha petroli kabla ya wakati wake, na hapo ndipo pistoni hutoboka. Msumeno huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika ukipewa mafuta yote. Plagi ya moto mno si rafiki yake.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa pana mtego. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi. Kwa Champion na Bosch, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Plagi ile ya pampu, NGK BPR6ES, kwa Champion ni RN9YC, kwa Bosch ni WR7DC, kwa Denso ni W20EPR-U. Tazameni: 6, 9, 7 na 20, na kazi yao ni moja. Mtu akienda dukani na kusema, "Nipe Champion ya namba sita kama hii," atarudi na kitu kingine kabisa. Kwa msumeno, badala ya BPMR7A, Champion ni RCJ7Y na Bosch ni WSR6F. Andikeni namba hizi ndani ya kifuniko cha sanduku la spana, lakini kitabu cha mashine yenyewe ndicho hakimu.

Jambo la nne ni herufi R. Hiyo yaonyesha kwamba plagi ina kizuizi ndani yake cha kupunguza fujo la umeme. Ikiwa kitabu chataka R, usifunge isiyo na R, kwa sababu yaweza kuvuruga chombo cha umeme kinachotoa cheche.

Pengine pia papimwe nafasi iliyo kati ya ncha mbili. Kwa misumeno mingi ni milimita 0.5. Kwa pampu ile ya Honda ni milimita 0.7 hadi 0.8. Ukirekebisha, pinda ile ncha ya pembeni tu, usiguse ya katikati. Kufunga nako kuna adabu yake. Anza kwa vidole mpaka plagi ikae, ndipo ushike spana. Plagi mpya yenye pete ya bati yataka nusu mzunguko zaidi, basi. Mwenye kuikaza kwa nguvu za kukaza reli atavua nyuzi za kichwa cha silinda, ambacho ni aluminiamu. Na mkijaribu cheche, msiweke plagi karibu na tundu lake, kwa maana mvuke wa petroli hulipuka.

Plagi iliyotolewa huzungumza. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, injini ni nzima. Ikiwa nyeusi na kavu, petroli ni nyingi au kichujio cha hewa kimeziba. Ikiwa nyeusi na yenye majimaji ya oili, tazama kipimo cha mchanganyiko: msumeno unaotaka moja kwa hamsini huhitaji mililita 100 za oili katika lita 5 za petroli, wala si kwa kukadiria. Ikiwa nyeupe na ina malengelenge, simamisha kazi. Injini yapata joto mno, ama kwa plagi isiyofaa, ama kwa hewa inayoingia penye ufa.

Neno juu ya plagi za bandia. Zipo, na boksi lake laweza kufanana na la kweli. Tazama nyuzi kama ni laini na sawa, maandishi juu ya kauri kama yako wazi, na ncha ya pembeni kama imekaa katikati barabara. Bei ikiwa chini mno kuliko ya maduka mengine, jiulize kwa nini. Rahisi ni ghali.

Sasa nafika penye shabaha yangu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Shikeni neno hilo, makusudi. Kufunga plagi uliyopewa na stoo si makusudi. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo, yamtaka mwajiri atoe mashine zilizo salama na kuzitunza, na mahali penye watu 20 au zaidi iwepo kamati ya usalama na afya.

Kwa hiyo naomba tawi lifanye mambo matatu. Wajumbe wetu katika kamati wadai kila mashine iandikwe namba ya plagi yake kwa rangi. Karani wa stoo aandike namba ya kila plagi anayoitoa, si neno "plagi" peke yake. Na kila mwanachama ahifadhi plagi iliyotoka katika mashine iliyokufa, asiitupe, kwa maana huyo ndiye shahidi wake.

Ndugu zangu, plagi ni kitu kidogo cha kutoshea kiganjani. Lakini mshahara wa mtu mwenye watoto umewahi kukatwa kwa ajili yake. Tusikubali ukatwe tena kwa sababu hatukusoma herufi sita.

Umoja ni nguvu.