Hotuba ya Katibu: Tupunguze Chuma, Tusipunguze Breki



Pikipiki yetu ya maziwa inapanda mlima kwa taabu. Kisa siyo injini, ni keria ya nondo. Tupige hesabu kama tulivyofundishwa kisomoni. Nondo ya milimita 16 ina kilo 1.58 kwa mita. Mita 6 ni kilo 9.5. Bomba la chuma la milimita 20, unene milimita 1.5, mita 6 ni kilo 4 na ushei tu, na kwa kupinda, chuma kikiwa cha aina moja, linakaribia nguvu ile ile. Hapo tumeokoa kilo 5, yaani lita 5 za maziwa! Tena mzigo ukizidi nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi mlimani, usukani hautii.

Keria tutachomelea wenyewe. Lakini jamani, wapo wanaosema tung'oe na breki ya mbele. Hapana! Hiyo ndiyo inayosimamisha zaidi. Breki, rimu na fremu haviguswi. Wepesi wa kuvunja shingo siyo maendeleo.

Jumamosi tukutane ofisini. Mwenye bomba lisiloliwa na kutu aje nalo.