Maji ya Zege Yasiingie Mfongoni

Someni polepole. Neno likiwa gumu, mwulizeni mwalimu wenu kabla ya kuendelea.

Leo tutazungumza habari za zege. Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Wengi huiita saruji simenti, wala si kosa. Hapa Moshi na huko juu mlimani, Kibosho, Machame, Marangu hata Rombo, watu wanajenga kila mwaka. Kujenga ni jambo jema. Lakini jioni, kazi inapokwisha, fundi na vibarua wake huchukua makarai, mabeleshi, mwiko na toroli kwenda kuviosha. Huviosha wapi? Mara nyingi mtoni, au katika mfongo, kwa sababu maji yapo karibu nayo ni ya bure.

Hapo ndipo penye shida.

Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo, katika moto wa nyuzi 1,450 hivi. Ikikutana na maji, ukali wa chokaa hutoka. Kila kibarua anaujua ukali huo: akishinda katika zege bila viatu, ngozi huungua na vidole hupasuka. Wataalamu huupima kwa hesabu inayoanzia 0 mpaka 14. Maji safi ni 7. Maji yaliyooshea zege hufika 12, hata 13. Msidhani kwamba 12 ni zaidi kidogo tu ya 7. Kila hatua moja ni mara 10 ya ile iliyo chini yake. Hatua mbili ni mara 100. Hesabuni wenyewe hatua tano, mwandike jibu ubaoni.

Samaki wengi hawawezi kukaa katika maji yaliyopita 9. Mashavu yao, wanayopumulia, huungua. Nalo vumbi laini la saruji huzama chini na kufunika mayai yao.

Tena liko jambo linalodanganya. Maji hayo yakiachwa yatulie, weupe hushuka chini, na juu huonekana safi kabisa. Lakini ukali haukuondoka. Mkitaka kuona, chukueni maji mekundu ya choya, mtie matone machache katika maji yaliyooshea toroli na kutulia. Wekundu utapotea, nayo yatageuka rangi ya kijani au buluu. Msiyashike kwa mikono mitupu, na watoto wasiyakaribie.

Sasa fikirini habari za mfongo. Mfongo hupita kihamba baada ya kihamba. Huyu humwagilia migomba, yule hunywesha ng'ombe, na wa tatu hutuma mtoto kuchota maji ya kupikia. Yanayobaki hurudi mtoni. Mto Rau hupeleka maji katika mashamba ya mpunga huko Mabogini na Chekereni, kisha maji ya mlima wetu huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, ndipo hushika mto Pangani mpaka baharini. Sisemi kwamba toroli moja la Kibosho litaua samaki wa Nyumba ya Mungu. Maji mengi hupunguza ukali. Hatari iko karibu zaidi: katika mfongo mwembamba, wakati wa kiangazi, kwa jirani wa chini anayechota maji asijue nani anaosha vyombo huko juu.

Basi tufanyeje? Kwanza, kwangueni zege kwa kipande cha ubao kabla ya kuosha. Kisha chimbeni shimo mahali pa tambarare, mbali na maji, mkatandike turubai au nailoni ngumu ndani yake, na upande wa mteremko muweke tuta la udongo. Osheni humo. Maji yakitulia yaweza kuchanganyia zege la kesho, na hivyo mwenye nyumba anapunguziwa safari za kuteka maji. Tope likikauka huwa gumu kama jiwe. Livunjeni, mlitie chini ya sakafu pamoja na kifusi. Mifuko ya saruji ifunikwe, hasa miezi ya masika, Machi mpaka Mei, maana mvua ya mlimani haingoji mtu amalize kazi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 nayo inalinda meta 60 toka ukingo wa mto.

Wako wanaojengea mfongo wenyewe kwa zege ili maji yasipotee ardhini. Kazi nzuri, lakini iwe na mpango. Wazee wa mfongo waufunge kule juu maji yanakoingilia, na watu wa chini waambiwe mapema wateke akiba. Zege lifunikwe kwa magunia yenye unyevu siku 7 kwa uchache. Mkiufungua, maji ya kwanza yaelekezeni majanini, yasinywewe na mtu wala mnyama.

Mtu atasema, "Fundi hatakubali." Atakubali, ikiwa ameambiwa kabla ya kupokea fedha ya kwanza. Ninyi sasa mnajua kuandika. Mkipatana na fundi, andikeni mapatano, naye atie sahihi. Kazi ya leo ni kunakili mstari huu katika madaftari yenu, kwa herufi zilizo wazi:

Fundi ataosha vyombo vyote shimoni, wala hatamwaga maji ya zege katika mfongo au mto.