Morfini: Dawa Inayoogopwa Bure

Saratani ikifika hatua za mwisho, maumivu humnyima mgonjwa usingizi. Dawa ipo: morfini ya maji, unga anaouchanganya mfamasia na maji, mgonjwa akainywa kila baada ya saa 4.

Sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ya 1994 inaidhibiti vikali, na familia nyingi huihofia zikidhani inaharakisha kifo. Sivyo, ikitolewa kwa kipimo sahihi. Kumuua mgonjwa kwa huruma ni jinai. Kumtuliza maumivu ni tiba.

Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuwaandikia wagonjwa morfini mwaka 2004. Nchini Kenya, Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya afya bora. Anayeuguza mtu nyumbani, Nyalenda au Dunga huko Kisumu, asione haya kumuuliza daktari: mgonjwa wetu atapata morfini?