Samaki wa Dimbwi Linalokauka

Nawasalimu hasa ninyi wa Kilosa, Kimamba, Rudewa, Mikumi na bonde zima la Mkata, ambako madimbwi ya masika ni mengi. Leo sizungumzi juu ya mahindi wala alizeti. Nazungumza juu ya samaki, tena si samaki wa kitoweo. Ni samaki wadogo ambao watu wa Ulaya na Marekani huwafuga kwa kujifurahisha tu, ndani ya tangi la kioo sebuleni, kama vile kwetu mtu anavyofuga njiwa. Watu hao huagiza samaki kutoka nchi za joto zilizo mbali sana. Na baadhi ya samaki hao asili yao ni huku kwetu, wilaya ya Kilosa.

Najua yupo atakayecheka. Atasema, "Bwana Shamba, samaki asiyeliwa ana faida gani?" Subiri kidogo, ndugu yangu, tutafika huko.

Kwanza tumjue mwenyewe. Mvua zikinyesha, maji hutuama penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi. Dimbwi hilo halikuunganika na mto. Lakini baada ya wiki chache watoto wanaochunga ng'ombe huona samaki wadogo ndani yake, hawazidi urefu wa kidole. Dume ana rangi za kupendeza, jike ni wa kijivu tu. Wazee wengine husema wameanguka na mvua. Hapana. Samaki hawa walikuwa ardhini tangu mwaka uliopita.

Mambo yao ni hivi. Samaki hutaga mayai ndani ya tope. Jua likikausha dimbwi, samaki wote hufa, hasalii hata mmoja. Lakini mayai hubaki ndani ya udongo mkavu, yakiwa hai, yamelala. Mvua ikirudi, yanaanguliwa. Samaki anakua haraka, na baada ya wiki chache tu naye anaanza kutaga, kwa maana siku zake ni za kuhesabu.

Tena kuna jambo la ajabu, na mkulima atalielewa kuliko mtu wa mjini. Mayai hayaanguliwi yote kwa mvua ya kwanza. Mengine huendelea kulala. Kwa nini? Kwa sababu mvua ya kwanza inaweza kudanganya. Inyeshe siku tatu, ikatike, dimbwi likauke, waliozaliwa wafe. Mayai yaliyobaki ndiyo akiba. Nawe, je, unapanda mbegu yote ya ghalani siku ya mvua ya kwanza? Hupandi. Basi samaki huyu naye hapandi yote.

Samaki wa jamii hii wako wa namna nyingi pwani na bara. Wa Unguja alijulikana kwa wataalamu tangu mwaka 1893. Na mwaka 1977 mtaalamu mmoja wa Ulaya, Wildekamp, aliandika habari za samaki wa madimbwi ya karibu na Kimamba, akampa jina la Kilatini, Nothobranchius steinforti. Usihangaike na jina hilo. Kumbuka tu kwamba wapo watu ng'ambo wasiojua Kimamba iko upande gani wa Morogoro, lakini wameandika neno "Kimamba" kwenye tangi la samaki wao. Tangu mwaka 1961 kuna chama chao huko Marekani, na vyama kama hicho vipo Ulaya pia.

Hawahitaji kusafirisha samaki mzima kila mara. Huweka mayai katika mboji yenye unyevu kidogo, wakafunga ndani ya mfuko wa nailoni, wakatuma kwa posta. Anayepokea hungoja wiki au miezi, kisha anamwagia maji, samaki wanatoka. Na wafugaji makini wana desturi moja ya kuigwa: hawachanganyi samaki wa dimbwi hili na wa dimbwi lile. Huandika mahali alikotoka, tena na mwaka. Wanajua kwamba mbegu ikishachanganyika, haitenganishwi tena.

Sasa basi, faida. Nitasema kweli, maana kipindi hiki si cha kuwatia watu tamaa. Usidhani utatajirika kwa kuuza samaki wa dimbwi. Mfugaji wa ng'ambo akipata jozi chache, huzalisha mwenyewe mwaka hadi mwaka. Hana haja ya kurudi kwako. Kwa hiyo akija mgeni na wavu na ndoo, akakupa noti mbili tatu umwoneshe dimbwi, usikubali kimya kimya. Mpeleke ofisi ya kijiji, aoneshe kibali. Uvuvi na usafirishaji wa samaki hai kwenda nje unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003, na mwenye kuulizwa ni Afisa Uvuvi wa wilaya, yule tuliyezoea kumwita Bwana Samaki. Na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ndiyo kabisa, kiumbe hakichukuliwi bila ruhusa.

Faida yenyewe iko kwingine. Samaki hawa hula viluwiluwi wa mbu. Na jamaa yao wa Zimbabwe na Msumbiji, kwa kuwa maisha yake ni ya miezi michache tu, hutumiwa na watafiti wa Ujerumani kuchunguza jinsi mwili unavyozeeka. Kitu tulichokiona cha watoto kuchezea kimekuwa kitabu cha waganga. Wa Kimamba akipotea madimbwini, watabaki wale wa kwenye matangi ya wageni tu, na mjukuu wako atakwenda kumwona Ulaya.

Na anaweza kupotea kwa mikono yetu, tena kwa nia njema. Siku hizi wengi mnachimba mabwawa ya samaki, nami nawasifu. Lakini nimesikia watu wakisema, "Dimbwi lipo tayari, tulichimbe liwe refu, tutie sato." Hapo utamwua samaki huyu mara mbili. Kwanza, samaki wakubwa watamla. Pili, mayai yake yamezoea kukauka. Maji yakikaa mwaka mzima, mwendo wake wote umevurugika.

Mnakumbuka habari za sangara wa Ziwa Victoria. Alitiwa humo kutoka nje miaka ya 1950 na 1960. Aliwaletea watu fedha na viwanda, hatukatai. Lakini ilipofika miaka ya 1980, namna nyingi sana za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa lile, zilikuwa hazionekani tena. Sato naye siku hizi anakutwa katika mito mingi ya nchi yetu ambako hakuwapo zamani, na anazaliana na perege wa asili. Aliyemtia mtoni hawezi tena kumtoa.

Kwa hiyo, ndugu wakulima, shikeni mambo haya.

Kwanza, chimba bwawa lako mahali pengine, si ndani ya dimbwi la masika. Liwe mbali na njia ya mafuriko ya Mkondoa, na mdomo wa bomba la kutolea maji uwe na wavu wa matundu madogo.

Pili, nunua vifaranga kwenye kituo kinachojulikana, kama Kingolwira pale Morogoro, na uulize ni samaki wa namna gani.

Tatu, vikifika, usivimwage papo hapo. Uache mfuko uelee bwawani kama robo saa, joto la maji lilingane, kisha uwatoe samaki kwa kimia. Maji ya mfukoni yamwage nchi kavu, mbali na bwawa, maana huweza kubeba magonjwa.

Nne, usioshe bomba la kupulizia dawa dimbwini, wala usitupe chupa za dawa humo.

Tano, ukilima mpunga mbugani, acha japo dimbwi moja bila kulifukia wala kulikausha kwa mfereji. Ng'ombe kunywa si neno.

Sita, samaki yeyote wa kutoka mbali, awe wa kula au wa pambo, asitupwe mtoni wala dimbwini hata kama umemchoka.

Masika yakija, nendeni na watoto mkatazame. Mkiwaona samaki hao, waacheni watage, kisha mtoeni taarifa kwa Bwana Shamba wenu au Bwana Samaki. Mwenye swali aandike barua, tutajibu hapa hapa.

Kwaherini, na kazi njema mashambani.