Kabla Tanuri Halijawashwa
Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi kilianza kazi mwaka 2007 kando kabisa ya nyumba za watu, na vumbi lake likatua juu ya mabati yale yale ambayo mvua inyeshapo hukingiwa ndoo. Risasi humdhuru mtoto kuliko mtu mzima, kwa kuwa mwili wake huifyonza kwa wingi, ikamharibu ubongo na kujificha mifupani miaka mingi. Wala hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama. Kiwanda kilifungwa 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, lakini fidia, nasema kwa huzuni, haimrudishii mtoto akili yake.

Basi mkisikia kiwanda chakusudiwa mtaani kwenu, itakeni ile ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo sheria ya Kenya ya 1999 imeilazimisha, mkaulize bila hofu: kusi na kaskazi zitaupeleka wapi moshi, majitaka yatamwagwa wapi, na ni nani atakayepima damu za watoto wetu kabla tanuri halijawashwa?