Mboga Zako za Ziada ni Afya ya Jirani

  Leo tunazungumza juu ya mboga zinazobaki shambani.

Mvua ikikolea, bustani zetu hujaa kunde, managu, saga, mrenda, mitoo na sukuma wiki. Kila mtu anazo, kwa hiyo sokoni bei huanguka. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mboga huoza. Na wakati huo huo kuna nyumba jirani ambayo watoto wanakula ugali kwa chumvi, kwa sababu mama anaumwa au bibi mzee analea wajukuu peke yake.

Mboga za kijani zina vitamini A, inayolinda macho na kumsaidia mtoto kupambana na magonjwa. Zina madini ya chuma na foleti, ambayo mama mjamzito anahitaji ili damu isipungue. Mtoto akifikisha miezi sita, huku akiendelea kunyonya, naye aanze kupewa mboga zilizopondwa.

Jambo hili si geni kwetu magharibi mwa Kenya. Mpango wa AMPATH ulianzishwa mwaka 2001 na Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret, na vyuo vikuu vya Marekani. Wahudumu wake waliona kuwa wagonjwa wa VVU walipewa dawa, lakini nyumbani hapakuwa na chakula. Basi mpango ukaanza kulima mashamba, moja likiwa Mosoriot, na mavuno yakagawiwa wagonjwa na familia zao. Huko Nairobi nako, shirika la Food Banking Kenya hukusanya mazao ya ziada na kuyapeleka kwa wenye uhitaji.

Mama, wewe huhitaji gari wala ghala. Fanya hivi:

1. Lisha watoto wako kwanza. Toa kinachozidi.

2. Kubalianeni katika chama chenu siku moja ya wiki. Kila mmoja alete fungu moja. Mafungu ishirini ni mboga ya makao ya watoto kwa siku nzima, au ya nyumba kadhaa.

3. Muulize mhudumu wa afya wa kijiji ni nyumba zipi zina shida. Yeye huzijua. Peleka kimya kimya, bila kumtangaza mtu. Anayepokea ana heshima yake.

4. Chuma asubuhi, weka kivulini, fikisha siku hiyo hiyo. Kama ulipulizia dawa ya wadudu, usichume hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite.

5. Anayepika aoshe kabla ya kukata, apike kwa muda mfupi na mafuta kidogo. Magadi hulainisha mboga, lakini huharibu vitamini.

Sasa sikiliza kwa makini. Usitoe kile ambacho hungempa mwanao. Mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumu iitwayo aflatoksini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafariki. Mahindi ya namna hiyo usiyapeleke kwa yatima, usimpe jirani, wala usimlishe ng'ombe wa maziwa.

Jambo la mwisho: mboga peke yake haimponyi mtoto aliyedhoofika sana. Ukipeleka fungu lako ukakuta mtoto amekonda mno, miguu imevimba, au utepe wa kupimia mkono unaonyesha rangi nyekundu, msaidie mama yake kumfikisha kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huenda ziara yako ikawa ndiyo iliyookoa maisha yake.

Kutoa ni moyo, si utajiri. Hadi kipindi kijacho, nakutakia afya njema.

Maswali ya kujadili kikundini
– Ni mboga gani huharibika zaidi katika bustani zetu, na mwezi gani?
– Nani atazikusanya, na siku gani?
– Tutampaje jirani bila kumwaibisha?